Guta lililogoma bila hitilafu: kisa cha DRV8323S na milisekunde moja iliyorukwa

Malalamiko ya madereva wa maguta ya umeme Mwanza yalifanana. Asubuhi ukiliwasha guta linaenda vizuri. Ukisimama kushusha kreti za soda, ukapiga stori kidogo na mwenye duka, ukirudi kunyonga kishikio halisogei. Ukilisukuma kwa mkono ni zito, kana kwamba breki imeshika. Zima ufunguo, washa tena, linaondoka bila shida yoyote. Dereva mmoja aliongeza jambo ambalo fundi aliyelipokea guta hakulitilia maanani: kwenye mteremko mrefu, ukiliacha liserereke lenyewe halafu ukanyonga kishikio karibu na chini, "linajishika, kaka, mzigo wote unakuja mbele."

Ukilielewa hilo la mwisho umeshamaliza nusu ya kisa. Lakini kwanza tuone kilichomo ndani ya boksi.

Guta lina betri ya lithiamu yenye seli 13 kwa mfululizo, yaani volti 48 za jina na volti 54.6 ikijaa. Mota iko kwenye gurudumu, ina fezi tatu na sensa za Hall, zinazohisi mota imezungukia wapi. Kidhibiti kilitengenezwa na karakana moja ndogo, na kwa kweli bodi yenyewe imechorwa vizuri: maikrokontrola (kompyuta ndogo inayoendesha programu) ya familia ya STM32, mosfeti sita (swichi za kielektroniki; kila fezi ina ya juu inayoiunganisha na chanya ya betri na ya chini inayoiunganisha na hasi), rezista tatu za kupimia mkondo zenye milioomu 0.5 kila moja, na katikati yake chipu ya Texas Instruments inayoitwa DRV8323S. Chipu hiyo ndiyo draiva ya mageti; geti ni mguu wa mosfeti unaopokea amri ya kufunguka, yaani kupitisha mkondo, au kufunga. Maikrokontrola haina nguvu ya kujaza chaji geti la mosfeti kubwa, wala haiwezi kuliinua geti la mosfeti ya juu likapita volteji ya betri. DRV8323S inafanya yote mawili, na inavumilia volti 6 hadi 60 za kazi, kwa hiyo betri ya seli 13 imo ndani ya mipaka yake.

Herufi S mwishoni ndiyo inayotuhusu. Toleo la H linapangwa kwa rezista zilizochomelewa kwenye miguu ya chipu, na rezista ikishachomelewa haibadiliki. Toleo la S linapangwa kwa maneno ya biti 16 yanayopita kwenye waya za SPI (njia ya mawasiliano kati ya chipu na chipu): biti ya juu kabisa inasema kama unasoma au unaandika, nne zinazofuata ni anwani ya rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu), na kumi na moja za mwisho ni data. Rejista mbili za kwanza ni za taarifa za hitilafu. Tano zinazofuata ni za mipangilio, na karakana ilikuwa imezihesabu kwa umakini (0x ni alama ya namba za msingi wa 16):

0x02 ← 0x020 (neno 0x1020)
0x03 ← 0x344 (neno 0x1B44)
0x04 ← 0x644 (neno 0x2644)
0x05 ← 0x215 (neno 0x2A15)
0x06 ← 0x283 (neno 0x3283)

Nilizipitia moja moja kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu mipangilio mibaya ndiyo mshukiwa wa kwanza kwenye chipu za namna hii. Sikupata kosa. Mosfeti zao zina chaji ya nanokulombi 24 kati ya geti na dreni (mguu wa mosfeti ambako mkondo unaingilia). Walitaka upande wa juu ufunguke ndani ya nanosekunde 200 hivi, ili kingo za mawimbi zisiwe kali mno zikaleta mtikisiko wa volteji na kelele kwenye waya za Hall. Nanokulombi 24 kugawa kwa nanosekunde 200 ni miliampea 120, na DRV8323S ina ngazi hiyo hasa: namba 4 kati ya ngazi 16 zinazoanzia miliampea 10 hadi ampea 1. Kufunga kunatumia mkondo mara mbili ya huo kwa namba ileile, miliampea 240, kwa hiyo geti linafungwa haraka kuliko linavyofunguliwa, jambo ambalo kila mtu analitaka. Ndiyo maana 0x03 na 0x04 zinaishia na 44.

Rejista ya 0x05 inalinda dhidi ya mkondo mkubwa kwa kupima volteji inayobaki kwenye mosfeti iliyo wazi. Walichagua volti 0.45. Mosfeti ya milioomu 2 ikipata joto inafika kama 3.2, kwa hiyo kinga inakata kwenye ampea 140 hivi. Ikiwa baridi inakata kwenye 225. Pengo hilo ni kubwa, lakini ndiyo tabia ya kinga ya aina hii na haiepukiki. Waliamua pia kwamba kinga ikikata ibaki imekata mpaka ifutwe, isijaribu tena yenyewe. Muda mfu kati ya mosfeti ya juu na ya chini, yaani pengo ambalo zote mbili zimefungwa, waliuweka nanosekunde 200.

Rejista ya 0x06 inahusu vipaza-sauti vya mkondo, samahani, vikuza-mkondo; mafundi wetu wamezoea kuviita amplifaya na yaishe. Amplifaya zinakuza mara 20. Ampea 140 kwenye milioomu 0.5 ni milivolti 70, mara 20 ni volti 1.4, na kipimo kinaanzia katikati ya volti 3.3, kwa hiyo kinaenea juu na chini bila kugonga ukuta. Angalia hapa: 0x283 ndiyo thamani ambayo chipu inaamka nayo yenyewe. Karakana iliiandika tu kwa ukamilifu. Jambo hili dogo litatusumbua baadaye.

Imebaki 0x02. Thamani 0x020 inaiambia chipu itumie mtindo wa mawimbi matatu: kila fezi inapewa waya mmoja wa amri, na chipu yenyewe inaamua lini mosfeti ya juu ifunguke na ya chini ifunge. Kwenye mtindo huu ile miguu mitatu ya INL, ambayo kwa kawaida ingeziamrisha mosfeti za chini, kazi yake ni kuruhusu fezi ifanye kazi au iachwe ikielea, mosfeti zake zote mbili zikiwa zimefungwa. Karakana haikuhitaji kuelea, kwa hiyo iliifunga miguu hiyo moja kwa moja kwenye volti 3.3. Ni halali kabisa, na datashiti inaruhusu hivyo.

Sasa turudi kwenye guta lililogoma.

Kabla halijanifikia lilikuwa limebadilishwa kishikio, kisha sensa za Hall, kisha waya wa sensa hizo. Siwalaumu mafundi waliofanya hivyo. Mota ya gurudumuni ikikataa kuanza, mara nyingi ni Hall. Ila Hall mbovu haiponi kwa kuzima na kuwasha ufunguo, na hii ilipona kila mara. Kumbukumbu za kidhibiti, zilipovutwa kwa kompyuta, zilionyesha kitu cha kushangaza zaidi: wakati wa kugoma, programu ilikuwa inaamrisha ampea 20, na mkondo uliopimwa ulikuwa karibu na sifuri. Mguu wa nFAULT, ambao chipu inaushusha ikiona tatizo lolote, ulikuwa juu muda wote. Yaani chipu ilikuwa inasema niko salama, programu inasema nimeamrisha, na mota haipati kitu.

Kipimo cha mkondo kilikuwa kinasema kweli pia, na hapa ndipo 0x283 ilipowapoteza waliotangulia. Kwa kuwa mkondo ulisomeka vizuri, na kwa kuwa ukuzaji wake unapangwa na chipu hiyohiyo, hitimisho likawa kwamba mipangilio ya chipu ipo mahali pake. Ulikuwa ushahidi wa kitu ambacho kingekuwa hivyohivyo hata kama hakuna neno moja lililoandikwa.

Osiloskopu ndiyo iliyomaliza ubishi. Probu moja kwenye geti la mosfeti ya juu ya fezi A, nyingine kwenye geti la ya chini. Guta likiwa limewashwa sasa hivi, mageti yote mawili yanapokezana inavyotakiwa. Guta likiwa limekaa dakika moja bila kunyongwa, kisha likanyongwa: geti la juu liko kimya kabisa, mstari mnyoofu. Geti la chini linapiga, tena linapanda kwa kasi isiyo ya kawaida. Nilikuza picha. Kupanda ambako baada ya ufunguo kulichukua zaidi ya nusu maikrosekunde sasa kulikuwa mstari uliosimama wima, kasi karibu mara nane.

Mara nane ni namba inayosema. Miliampea 120 mara nane na kidogo ni ampea 1, na ampea 1 ndiyo ngazi ya juu kabisa, ile ambayo DRV8323S inaamka nayo kama hujaiambia vingine: rejista ya 0x03 ikitoka usingizini inasoma 0x3FF, na 0x04 inasoma 0x7FF. Geti halikuwa na hitilafu. Chipu ilikuwa inaliendesha kwa mipangilio ya kuzaliwa nayo. Na kama 0x04 imerudi mwanzo, basi zote zimerudi, pamoja na 0x02.

Hapo ndipo kila dalili ilipokaa mahali pake. Rejista ya 0x02 ikiwa katika hali ya awali, chipu iko kwenye mtindo wa mawimbi sita, na miguu ya INL sasa ina maana nyingine: ni amri ya moja kwa moja kwa mosfeti za chini. Miguu hiyo imefungwa kwenye volti 3.3, kwa hiyo mosfeti za chini zimeamrishwa zifunguke daima. Amri ya juu ikiwa sifuri, ya chini inafunguka. Amri ya juu ikija pia, chipu inaona zote mbili zimeombwa kwa pamoja, na kwa kuwa kufungua zote mbili ni shoti ya betri, inazifunga zote. Jedwali la datashiti linasema hivyo bila utata. Matokeo yake mosfeti ya juu haifunguki kamwe. Betri haiunganishwi na mota hata mara moja. Chipu haijaona hitilafu kwa sababu hakuna hitilafu. Inatii amri ilizopewa kwa mtindo inaoujua.

Na ule uzito wa kusukuma? Mosfeti tatu za chini zikifunguka pamoja, waya tatu za mota zinagusana. Mota iliyofungwa shoti ni breki. Kwenye mteremko mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mosfeti za chini zinafunguka na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde: zikiwa wazi mkondo wa mota inayozungushwa unakua, zikifunga mkondo huo unatafuta njia na kupita kwenye diodi za mosfeti za juu kwenda betrini. Huo ni mpango kamili wa kupandisha volteji. Guta linajishika na betri inachajiwa bila mtu kuomba. Programu nayo, ikiona mkondo hauji ilivyoamrisha, inazidi kuongeza amri mpaka inagonga dari. Dereva aliyesema mzigo unakuja mbele alikuwa ametoa maelezo sahihi kuliko mashine yoyote mezani pangu.

Kwa nini chipu imesahau? Swali hili lilikuwa jepesi, au lilionekana jepesi. Programu ilikuwa na kipengele cha kuokoa betri: kishikio kikikaa sekunde 30 bila kunyongwa, mguu wa ENABLE unashushwa na DRV8323S inalala. Ikilala inazima kila kitu, pamoja na rejista zake na mlango wa SPI wenyewe. Hakuna kumbukumbu ya kudumu ndani yake. Datashiti iko wazi hapa pia.

Tatizo ni kwamba mwandishi wa programu alilijua hilo. Nilipompigia alikuwa na jibu tayari, na alikuwa sahihi: kila ENABLE inapopandishwa, programu inaita kazi ileile inayoandika rejista zote tano. Alinitumia mistari yenyewe. Ipo. Inaitwa wakati wa kuwasha ufunguo, na inaitwa tena wakati wa kuamka. Sasa kazi moja, mistari ileile, inafaulu mara ya kwanza na kushindwa kila mara inayofuata. Mtu angeweza kukaa wiki nzima akisoma msimbo huo bila kuona kitu, kwa sababu kosa halikuwa kwenye kilichoandikwa.

Tulinasa waya za SPI pamoja na ENABLE kwenye kifaa kimoja cha kurekodi. Wakati wa kuwasha ufunguo, ENABLE inapanda, kisha kunakuwa na ukimya wa milisekunde kadhaa, kisha maneno matano. Ukimya huo ni maikrokontrola ikisawazisha vipimo vyake vya analogi na kusoma sensa. Hakuna aliyeuweka kwa ajili ya draiva. Wakati wa kuamka, kazi hizo hazirudiwi. ENABLE inapanda, na neno la kwanza linaondoka papo hapo. Kwa mapigo ya megahezi 5, biti 16 zinachukua maikrosekunde 3.2, na maneno yote matano na vipumziko vyake yalikuwa yamekwisha ndani ya maikrosekunde 25.

DRV8323S inahitaji hadi milisekunde 1 kuamka. Lazima rigyuleta yake ya ndani ya volti 3.3 ijaze kapasita yake na pampu ya chaji ianze, ndipo mlango wa SPI usikilize. Maneno matano yalifika wakati hakuna mtu nyumbani. SPI haina kukiri kupokea. I2C, njia nyingine ya mawasiliano ya chipu, ingekosa biti ya jibu na programu ingejua mara moja. Hapa waya zilicheza, maikrokontrola ikaridhika, na guta likawa na chipu isiyojua lolote.

Hiki ndicho kiini cha kisa kwa maoni yangu, ila kuna tabaka moja chini yake, na ndilo lililonikera zaidi. Swali la kawaida ni: kwa nini programu haikusoma rejista kuhakikisha? Jibu: ilikuwa inasoma. Mistari ya ukaguzi ilikuwapo, imefungiwa kwa alama za maelezo ili isitekelezwe, na pembeni maneno mafupi kwamba usomaji haufanyi kazi kwenye bodi hii, unarudisha sifuri.

Ni kweli ulirudisha sifuri. Niliufungua ukaguzi ule, nikaujaribu guta likiwa limewashwa kwa ufunguo na mageti yakipiga vizuri. Tuma 0x9800, yaani soma rejista ya 0x03, tarajia 0x344. Jibu: 0x000. Rejista ya 0x02: sifuri. Ya 0x06: sifuri. Mtu yeyote angesema mguu wa SDO, ule unaotoa majibu ya chipu, haujachomelewa. Lakini nilipoiacha chipu katika hali yake ya awali na kusoma 0x03 hiyohiyo, jibu halikuwa sifuri. Lilikuwa 0x0FF, badala ya 0x3FF.

Biti mbili za kwanza zimepotea, nane zilizofuata zimefika. Hiyo si tabia ya waya uliokatika. Ni tabia ya waya mvivu wa kupanda.

Mguu wa SDO kwenye chipu hii unaweza kuvuta chini tu. Kupanda juu unategemea rezista ya nje, na karakana iliweka kiloomu 10, thamani ambayo mkono wa fundi unaifikia bila kufikiri. Chukua uwezo wa waya na miguu kuwa pikofaradi 30. Kiloomu 10 mara pikofaradi 30 ni nanosekunde 300, na ili ivuke asilimia 70 ya volti 3.3, ambapo STM32 inakubali kwamba hiyo ni moja, zinahitajika kama nanosekunde 360. Chipu inatoa biti kwenye ukingo wa kupanda wa pigo, na maikrokontrola inaisoma kwenye ukingo wa kushuka. Kwa megahezi 5 umbali huo ni nanosekunde 100. Moja ya kwanza baada ya sifuri inasomwa ikiwa bado chini. Ya pili inasomwa kwenye nanosekunde 300, bado. Ya tatu iko kwenye 500, imefika. Kwa hiyo namba yoyote ambayo moja zake hazifuatani tatu au zaidi inasomeka sifuri tupu. Sasa zitazame: 0x344 ni 011 0100 0100. 0x644 ni 110 0100 0100. 0x020 ina moja moja tu. 0x283 ni 010 1000 0011. 0x215 ni 010 0001 0101. Hakuna hata moja yenye moja tatu mfululizo. Karakana ilikuwa imechagua, bila kujua, mipangilio mitano ambayo yote inatoweka kwenye waya ule.

Kuandika hakukuathirika kwa sababu waya wa kwenda kwa chipu unasukumwa juu na chini na maikrokontrola yenyewe. Njia ya kwenda ilikuwa nzima, ya kurudi mbovu, na mtu akaamua kuishi bila ya kurudi. Namwelewa. Mota ilikuwa inazunguka mezani, na kila jaribio la mezani lilianza kwa kuwasha umeme upya. Hakuna aliyeiacha mota sekunde 30 halafu akainyonga.

Marekebisho yalikuwa madogo kuliko uchunguzi. Kwa magari yaliyo barabarani tayari, programu tu: mapigo ya SPI yalishushwa hadi kilohezi 500, ambapo nusu ya pigo ni maikrosekunde nzima na kiloomu 10 inatosha. Baada ya ENABLE kupanda programu inasubiri milisekunde 2, inaandika kila rejista, inaisoma, na inalinganisha biti 11 za chini. Tano za juu kwenye jibu hazina maana na lazima zifichwe kabla ya kulinganisha. Zisipolingana, inarudia mara chache, na ikishindwa kabisa inakataa kutoa mawimbi na kuwasha taa ya hitilafu kwenye dashibodi. Guta linalogoma na kusema limegoma ni bora mara mia. Kwa bodi mpya, rezista ya SDO ni kiloomu 1. Inavuta miliampea 3.3 biti ikiwa sifuri, mzigo ambao mguu huo unaumudu.

Niliomba pia kwamba rejista ya 0x02 isomwe mara kwa mara wakati wa safari, si wakati wa kuamka peke yake. Usingizi ni njia moja tu ya chipu kusahau. Betri dhaifu ikizamishwa na mkondo wa kupandia mlima, au kiunganishi kikilegea barabara ya vumbi, volteji inaweza kushuka na kurudi haraka kiasi kwamba maikrokontrola, yenye kapasita zake, haikugundua, na draiva ikaanza upya. Gharama ya kusoma neno moja kila sehemu ya kumi ya sekunde haionekani.

Kuna aliyependekeza kutumia kufuli. Rejista ya 0x03 ina biti tatu za juu ambazo ukiandika 110 chipu inakataa maandishi mengine, na ukiandika 011 inafunguka. Ni kitu kizuri dhidi ya kelele za umeme zinazoweza kugeuka neno la bahati mbaya, na tuliiweka. Lakini kufuli nayo inafutika chipu ikilala. Inazuia rejista kubadilishwa, haiwezi kuzuia zisisahauliwe. (Kero ndogo kwa anayesoma kumbukumbu: 0x03 ikishafungwa inasomeka 0x644, sawasawa na 0x04. Kwa sekunde kadhaa nilidhani programu inasoma anwani moja mara mbili.)

Mwishowe tuliuliza swali lililopaswa kuulizwa mwanzo: usingizi huu unaokoa nini? DRV8323S ikiwa macho inakula takriban miliampea 10 kutoka kwenye betri. Kwa volti 48 hiyo ni nusu wati. Dereva akisimama dakika tano kushusha mzigo, nusu wati haifiki hata sehemu ya kumi ya watisaa moja, na guta lenyewe linatumia mamia ya wati likitembea. Kulala kila baada ya sekunde 30 kulikuwa akiba isiyo na maana iliyofungua mlango wa matatizo yote haya.

Sasa kwenye kituo cha muda mfupi ENABLE haishushwi. Programu inaandika 0x1024, yaani rejista ya 0x02 na biti ya COAST, na mosfeti zote sita zinafunga. Gurudumu linazunguka huru na rejista zinabaki zilivyo. Biti hiyo ni miongoni mwa chache zinazokubali kuandikwa hata kufuli ikiwa imefungwa, kwa hiyo hakuna haja ya kufungua na kufunga kila mara. Dereva akinyonga, 0x1020 inatumwa na guta linaondoka. Usingizi kamili umeachwa kwa guta lililokaa dakika kumi, na hapo anayelirudia hatahisi milisekunde mbili za kusubiri.

Majaribio ya mwisho yalifanywa mlimani, mzigo ukiwa maji ya chupa badala ya soda. Guta liliachwa liserereke kuanzia juu bila kunyongwa kwa zaidi ya sekunde 30, kisha dereva akanyonga karibu na chini. Lilivuta kwenda mbele.